Wali wa Datu Seman

Zama zile Kilwa ilipokuwa ikipiga sarafu zake yenyewe, Mshamu bin Hija alivuka bahari kumtafuta kaka yake, Shomari. Huyo Shomari alikuwa ametekwa pamoja na pembe zake za ndovu huko Lubuk Tengah, mji mdogo wa Wamalai uliobanwa kati ya mto na majabali. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Datu Seman, mtawala wa mji ule, alipona kwa kuwaibia wageni.

"Ndugu yako yu hai," alisema kwa kinywa cha mkalimani. "Panda pangoni, uniletee viota vya mbayuwayu. Ukishuka navyo, mchukue."

Viota hivyo, ndege huvijenga kwa mate yao, na mchuzi wake ulikuwa chakula cha wafalme. Mshamu akavua kanzu, akajifunga shuka kiunoni, akapanda ngazi za henzirani zilizokwisha kuoza. Popo walimpiga usoni, na kinyesi chao kilifanya kila jiwe liteleze. Chini, askari wa Datu walizitikisa ngazi huku wakicheka, nao walitaka aanguke hasa. Akashuka na kikapu kimejaa, magoti yakivuja damu, roho ikichemka kwa chuki.

Akaandaliwa karamu: samaki wa mtoni waliobanikwa ndani ya majani ya mgomba, kamba wa nazi na pilipili, na duriani, tunda linalonuka vibaya na kuliwa kwa uchu. Njaa ilimwuma, akala. Ndipo Shomari alipoletwa, amekonda, akakitupia macho chakula.

"Mdogo wangu, wamekupa wali?"

"Bado, kaka."

"Hawatakupa. Aliyeonja wali wa mtu hapa ni mgeni wake, na mwenyeji hawezi kumwaga damu yake. Mimi tangu nitekwe nalishwa viazi."

Mshamu akatazama chini ya mapazia yaliyozunguka ukumbi, akaona nyayo za watu na vitako vya mikuki. Wali ulikuwapo, bakuli moja, mbele ya Datu. Kwao Kilwa, kuchota chakula kilicho mbele ya mwenzio ni utovu wa adabu. Akachota. Alipata tonge moja tu kabla Datu hajalipiga bakuli teke, na tonge hilo akamtia Shomari kinywani.

"Meza, kaka!"

Shomari akameza. Datu alitetemeka kwa ghadhabu, lakini hata dhalimu huogopa mila ya mababu zake.

"Huyo aende zake," akasema, akimwonyesha Shomari, kisha akamgeukia Mshamu. "Huyu hakuonja."

Mapazia yakafunguka.

Kilwa walimkumbuka Shomari tajiri, aliyejenga msikiti. Jina la Mshamu hakuna aliyelichonga popote, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Siku Shomari aliporejea, mama yao alimkalisha, akamwuliza kama mdogo wake alikufa akiwa na njaa.

"Hapana, mama. Alikula samaki mzuri."

"Samaki mtupu? Watu gani hao, hawakumpa hata wali?"

Shomari akainuka, akatoka nje.