Kichupa Chini ya Mtungi

"Umwiza, mama yako atafunga mpaka siku gani?"

Jirani yao, Mama Kabanyana, aliuliza hivyo asubuhi moja pale kijijini Kashojwa, Umwiza akipepeta maharage nje.

"Mpaka Mungu amjibu," Umwiza alisema, akainamisha uso.

"Ee, huyo ana imani! Umwambie aniombee na huu mugongo wangu."

Kanisani wote waliamini kwamba Godeberthe, mama yake Umwiza, alikuwa katika mfungo wa maombi. Kumbe alikuwa akijidunga sindano tumboni. Muuguzi alikuwa amemwonya: mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo, kuzunguka ini, yanaweza kuleta kisukari. Alimwambia atembee, apunguze mafuta ya kupikia, arudi kupimwa. Hakurudi. Liliane, mwenzake wa kwaya, alimuuzia kichupa alichokitoa mjini Kaberebere.

"Ni dawa ya sindano, inaitwa peptidi," Liliane alisema. "Inayeyusha mafuta ya ndani. Hata njaa hautaisikia."

Kichupa kilifichwa katika mchanga wenye maji chini ya mtungi, kisipate joto.

"Uniapie mbele ya Mungu hautasema," mama alimwambia Umwiza. "Batu batanicheka."

Umwiza akaapa. Tangu hapo, kila aliyemsifu mama yake alikuwa kama anamfungia mlango mwingine. Akisema, amevunja kiapo. Akinyamaza, mama, aliyeanza kutapika baada ya zile sindano, anazidi, hata maji hayakai tumboni.

Jumamosi mama alishindwa kuinuka mkekani. Umwiza alipotaka kukimbia kuita watu, mama alimshika mkono. "Uliapa," alinong'ona.

Mama Kabanyana aliingia, akamkuta amelala hivyo, akapiga magoti. "Bwana, mtie nguvu mtumishi wako amalize mfungo wake..."

"Hafungi!" Umwiza alilia. Alifukua mchanga kwa vidole, akatoa kichupa. "Anajidunga hii!"

Mama Kabanyana aliinuka bila kusema amina, akatafuta gari.

Hospitalini Mbarara, Godeberthe alitundikiwa maji. Daktari alikigeuzageuza kichupa.

"Sindano za namna hii ziko, za kweli," alisema. "Lakini daktari anapima mtu kwanza, anaanza na kidogo, anamuangalia. Hii haina hata jina. Mama, mtoto wako amekuokoa."

Waliporudi nyumbani, Liliane alikuja akicheka. "Mama Umwiza! Umekonda kama bibi arusi! Nimekuletea kichupa ingine."

Godeberthe hakucheka. Alimvuta Umwiza karibu.

"Mwanangu, nilikufunga kwa jina la Mungu ili nifiche uongo wangu. Unisamehe. Mtu mzima akikuapisha ufiche kitu kinachomuumiza, kiapo hicho si cha Mungu. Sema, na useme mapema." Kisha akamgeukia mgeni. "Na weye, Liliane, uniambie: ndani ya hiki kichupa muko nini?"

Liliane alikitazama kichupa kiganjani mwake, akakitazama tena. Akakirudisha mkobani, akatoka.