Kisu Kinachongoja Alama

Siku ile diko la samaki la Tumbe lilijaa mpaka baiskeli zinabebwa mabegani. Wanadi wananadi majodari, pikapu zinapiga honi, na Haroub, fundi mkereza wa Jadida, kasimama katikati na shafti ya boti mkononi kama mtu aliyekwenda harusini na mchi. Boti ilikuwa ya Nyange wa Kojani. Uzi wa ncha ya shafti, pale nati inapokaza propela, ulikuwa umelika wote.

Kidole chenye hina kikapita juu ya uzi. Haroub akainua macho: buibui jeusi, mtandio rangi ya karafuu mbichi, na chini kabisa, viatu vya karakana vyenye ncha ya chuma.

"Aliyekata uzi huu alikuwa na haraka," akasema mwenye viatu.

"Aliyeukata ndiye anayekutazama."

"Alaa. Basi haraka yenyewe ilikuwa ya nini?"

"Ya kukutana nawe, yakhe. Bibie fundi, au mnunuzi wa samaki?"

"Vyote viwili. Samaki humkagua kwa pua, uzi kwa ukucha. Leo samaki wameshinda."

Alikuwa Tamima, dada yake Qais, mwenye karakana Wete. Alisomea ufundi Maskati, akarudi na mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, ya kwanza Haroub kuisikia kisiwani. Kisiwa hiki kililishwa umeme wa majenereta mabovu miaka nenda miaka rudi, hadi waya wa baharini ulipofika mwaka elfu mbili na kumi, tukaambiwa tushukuru. Tulishukuru. Hatukusahau lakini nani alikaa gizani, na nani alikuwa na taa.

Na mashine yenyewe ilikaa bila kazi. Qais, ili mzigo wake upite bandarini, alipiga picha na mheshimiwa mmoja, kofia ya chama tawala kichwani. Kwa sisi wa upinzani, ikatosha. Uchaguzi ukafutwa, ukaja wa marudio, na sisi tukarudia maradhi yetu ya miaka ya tisini: hununui kwangu, sinunui kwako, maiti wako mzike na wenzako. Jadida nzima ikaipa karakana ile kisogo. Wa mbele wao Mzee Silima, mjomba wake Haroub, aliyemlea na kumfundisha kazi, mwenye risasi ya maandamano ya Januari ya elfu mbili na moja hadi leo pajani.

Haroub akaenda karakanani hivyo hivyo. Mlango ulikuwa wazi, na Bi Rumaitha, shangazi yao, kaketi kizingitini akidarizi kofia, ili ijulikane kwamba hakuna la kuficha.

Tamima akabana chuma, akabonyeza. Kisu kikapita kikiacha mkwaruzo mwembamba kama unywele, kikatoka, kikarudi mwanzo, kikaingia katika mkwaruzo uleule, ndani zaidi. Mara nane. Mara zote nane hakikukosea hata upana wa vumbi.

Haroub akainama kutafuta chini. "Meno yako wapi?"

Katika mashine ya mjomba wake, kichwa kinachozungusha chuma na kigari kinachobeba kisu vimefungwa kwa magurudumu ya meno. Kimoja hakiendi bila ya kingine.

"Hamna meno," Tamima akasema. "Kichwa kina mota yake, kigari kina yake. Hapana kinachovifunga."

"Sasa kisu chajuaje pa kuanzia?"

"Nyuma ya kichwa pana alama moja tu. Kila mzunguko hupita mara moja. Kisu hungoja alama ile ndipo kiondoke, na njia nzima kompyuta inahesabu: chuma kimezunguka hivi, kisu kisogee hivi."

"Kinangoja."

"Kinangoja."

"Subhanallah," akanong'ona Haroub, na Bi Rumaitha akakosea tundu la sindano, kwa sababu alikuwa akimtazama yeye, si mashine.

Simu zikaanza.

"Umeamka, fundi wa haraka?"

"Sikulala. Naisikia ile mashine."

"Mashine tu?"

"Na mwenyewe, laazizi. Nimngojee wapi?"

"Kwenye alama," akacheka.

Jumatano moja walikuwa wakikata shafti mpya ya Nyange. Baada ya kisu kupita mara nne, adhana ya alasiri ikalia. Tamima akaisimamisha mashine, akenda kusali. Haroub alikuwa amekisikia kisu kikipiga ukelele, na mkono wake uliozoea ukafanya ulivyofundishwa: ukapunguza mwendo kwa kitufe, kisha ukabonyeza cha kuendelea. Alipotoka Tamima kusali, kisu kilikuwa kimekata pembeni ya mifereji yake chenyewe. Uzi wote umekatwa mgongo.

"Haroub, umefanya nini?"

Qais akaingia. "Mie nnajua alichofanya. Kakutuma nani? Mjomba wako?"

Kwamba hajui? Nani angemwamini mtu wa Jadida, mwaka ule? Akamtazama Tamima, amtetee. Tamima kainamia shafti, kimya. Haroub akavaa makubadhi yake akaondoka, akazima simu.

Siku ya kumi na moja, barza ya Jadida ikageuza shingo zote. Tamima na Bi Rumaitha walikuwa wakipita katikati yake, wamebeba kitu kirefu ndani ya kanga.

"Washa mashine ya mjomba wako," Tamima akasema, bila ya salamu. "Kata uzi. Katikati, punguza mwendo."

Haroub akakata, akapunguza. Uzi haukuhama.

"Basi hapa ndipo ulipojifunzia mkono wako. Hapa meno yamefunga. Ukipunguza kimoja, vyote vinapungua. Kule kigari kina uzito, chataka muda kuushika mwendo. Mwendo ukibadilika katikati ya kazi, na muda ule unabadilika, kisu kinaingia kando." Akaifunua shafti. "Tazama. Kimehama mwanzo hadi mwisho umbali mmoja. Mwenye kuharibu makusudi hapimi. Kosa ni langu, sikukwambia kitufe kile hakiguswi."

"Siku ile ulinyamaza."

"Nilikuwa nasoma chuma. Ningekutetea kwa maneno, Qais angesema mapenzi yamenipofua. Nimempelekea hesabu, kakubali. Nisamehe, lakini simu ukaizima weye."

Haroub akageuka. "Bi Rumaitha, nikileta watu, mtawapokea?"

"Sie tutawapokea," akajibu. "Watakuja?"

Hilo ndilo lilikuwa lenyewe. Bila ya Mzee Silima hapakuwa na posa, na Mzee Silima alishaapa hakanyagi kwa Qais. Alikuwa ukumbini muda wote, kiti chake kimeelekea karakana. Akajizoazoa, akaishika shafti mbovu, akaipitishia ukucha kutwa nzima, kama watu walivyosema baadaye.

"Umbali mmoja," akasema. "Kweli."

Ijumaa baada ya sala aliingia karakana ya Qais akichechemea, kanzu imepigwa pasi, Nyange, Haroub na wazee wawili nyuma yake. Hakumpa Qais mkono. Akasema: "Nioneshe hiyo alama."

Tamima akabonyeza. Kisu kikapita, kikarudi, kikaingia pale pale. Mara nane Mzee Silima alisimama na mguu wake mbovu, na mara nane midomo ilimchezacheza kwa kuhesabu. Nyange akaivisha shafti nati kwa kidole kimoja. Ikateremka yenyewe hadi chini.

"Hakuna kinachowafunga?"

"Hakuna, mzee," akajibu Qais.

"Na kinangoja."

"Kila mara."

Mzee Silima akamtazama mpwa wake, kisha akamtazama Qais, kwa kumbukumbu zake zote.

"Haya," akasema. "Viatu tunavua wapi?"