Fundi Aliyening'inia kwenye Mshale wa Saa

Kwa majonzi makubwa, tunautangazia umma kwamba siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, ulimwengu wa wasomaji ulimpoteza mwandishi wake mashuhuri. Marehemu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Ameacha hadithi moja isiyokwisha, soksi tatu na kipande cha sabuni. Heshima za mwisho hazikuweza kutolewa kwa sababu marehemu alikuwa hai, amejifungia chooni, na wenzake watano walikuwa nje wakiugonga mlango kwa haraka zao.

"Kesho, toka! Lilia bwenini kama watu wengine!"

Kesho ndilo lililokuwa jina lake la bweni. Kila alipoulizwa, "Halafu ikawaje?" alijibu, "Kesho," kisha akafunika daftari lake.

Siku zote, katika saa ya mapumziko baada ya chakula cha mchana, Kesho aliketi kitandani, magoti yake yakawa meza, akaandika. Sehemu mpya ilipokamilika, daftari lilianza safari. Lilitoka kitanda cha mlangoni, likapita kitanda hadi kitanda, mpaka kile cha dirishani. Kila aliyesoma alichora kistari kimoja kwenye ukurasa wa mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya bweni, na iliheshimiwa kuliko ile ya kutokula karanga kitandani.

Hadithi yenyewe ilimhusu fundi saa aliyepanda mnara kurekebisha saa kubwa ya mji, mlango ukajifunga nyuma yake. Mwisho wa sehemu ya saba, fundi alikuwa ananing'inia nje ya mnara, ameushika mshale mrefu kwa mikono miwili, na mshale unateremka polepole kuelekea nusu saa. Sehemu ya nane ndiyo ingekuwa ya mwisho. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amemtengea Kesho nafasi katikati ya gazeti la ukutani, ambalo lingebandikwa Ijumaa mbele ya shule nzima.

Jumatatu Kesho aliliweka daftari lake kwenye rundo la kusahihishwa, ili mwalimu asome sehemu zile saba kwanza. Zamu ya kubeba madaftari ilikuwa ya Kengele, aliyelala kitanda cha juu yake. Kengele alikuwa msichana mwerevu, mcheshi, mwenye tabasamu la kuvutia. Jina hilo alilipata siku alipogonga kengele ya kuamka saa moja kabla ya wakati, akaisimamisha shule nzima uwanjani na miswaki mdomoni.

Jumanne madaftari yalirudi. Chini ya sehemu ya saba palikuwa na maneno ya kalamu ya kijani, ile ile ya mwalimu: "Hadithi hii haina uhai. Usipoteze wino. Tafuta kitu kingine cha kufanya."

Na hapo ndipo palipotokea kile kifo cha chooni.

Mchana ule Kesho alisoma sehemu zote saba upya, na kila sentensi aliyokuwa akiipenda ilimtazama kama samaki wa sokoni. Alijaribu kuianza sehemu ya nane. Aliandika mstari, akaufuta. Akaandika mwingine, akachana ukurasa mzima. Kurasa kumi na moja ziliishia chini ya kitanda. Mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha kuandika barua, insha na hata orodha ya vitu vya kununua. Kama yeye kasema, nani wa kubisha?

"Fundi vipi?" Kengele aliuliza kutoka juu, kichwa kikichungulia.

"Usiniulize tena. Hakuna fundi. Nimejidanganya mwaka mzima, na nyinyi mlikuwa mnanihurumia tu."

Kengele alikirudisha kichwa juu. Akajifunika shuka mpaka utosini.

Jumatano Kesho alikwenda jikoni, akalitupa daftari kwenye kikapu cha makaratasi ya kuwashia moto. Alirudi bwenini mikono mitupu. Saa ya mapumziko ilipofika, alilala chali akahesabu springi za kitanda cha juu. Hakuwahi kujua kwamba saa moja ni ndefu kiasi kile.

Alhamisi, kwenye foleni ya chakula, mpishi mkuu aliinua upawa wake juu badala ya kuuchovya sufuriani. Wanafunzi walimwita Mama Sufuria, ila si mbele yake.

"Wewe ndiye Kesho?"

"Ndiyo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maharage hupati mpaka unijibu. Yule fundi ameanguka?"

Kumbe Mama Sufuria hakuwahi kuchoma karatasi kabla ya kuisoma. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekalia kreti yake kando ya jiko, akisoma insha na mitihani ya watu waliofeli, na barua za mapenzi ambazo hazikutumwa.

"Sijui, mama. Nimeacha. Mwalimu ameandika kwamba haina uhai."

"Nimeyaona." Alifuta mikono kwenye aproni, akalitoa daftari nyuma ya mfuko wa chumvi. "Mwanangu, kila siku ya Mungu kuna mtu hapa anayesema maharage yangu hayana ladha. Siku nyingine anasema kweli. Basi naonja, naongeza chumvi, na siku ya pili nabandika tena sufuria. Ningesusa siku ile ya kwanza, nyinyi mngekula nini?"

"Labda sina kipaji."

"Mambo ya kipaji siyajui. Ninachojua, jana niliunguza sufuria moja kwa sababu ya huyo fundi wako, na tangu jana inayouma ni mikono yangu. Ukitaka mwangushe, ukitaka mwokoe, lakini usimwache pale!"

"Mama, tuna njaa!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Njaa ni yenu. Huyu ana mtu anayening'inia."

Mchana ule Kesho aliandika. Msidhani furaha ilimrudia. Kila mstari ulimnong'oneza kwamba hauna uhai, naye aliusikia vizuri kabisa, akaandika unaofuata. Aliyofuta yalikuwa mengi kuliko aliyobakiza. Lakini kengele ya kumaliza mapumziko ilipolia, fundi alikuwa ameshuka. Namna alivyoshuka siwaambii, kasomeni ukutani.

Ijumaa asubuhi alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, najua ulisema haina uhai," alisema. "Nimeimaliza hivyo hivyo. Kama bado imekufa, nionyeshe ilipofia, nijaribu tena."

"Nani kasema haina uhai?" Mwalimu alilichukua daftari, akautazama ule mwandiko wa kijani. "Daftari hili sijawahi kuliona. Na kalamu yangu ya kijani imepotea tangu Jumatatu."

Alisoma hadithi yote pale pale, kisha akachukua penseli. Aliandika kwamba mwanzo unakokota miguu, kwamba mnara una milango miwili katika sehemu ya pili na mmoja katika ya tano, na kwamba mwishoni alijikuta amesimama bila kujua. Kesho alisoma makosa yake, akacheka huku machozi yakimtoka.

Hadithi ilipokwisha kubandikwa, mwalimu aliingia darasani pamoja na Kesho. "Mwenzenu aliambiwa aache, akaamini kwamba ni mimi niliyesema, na bado akaandika," alisema. "Mashaka hayakumtoka. Aliandika nayo. Anayetaka kuwa mwandishi, au chochote kile, aige hilo. Sasa simameni wote, mikono juu."

Mikono ilipanda. Sketi moja tu ndiyo iliyokuwa na doa la kijani mfukoni, kubwa kama yai. Mwenye sketi alikuwa amelifunika kwa kitabu tangu Jumanne. Kalamu za kuiba huvuja.

Ndiyo, alikuwa Kengele. Na ndiyo, Kengele ni mimi. Ile sifa ya tabasamu la kuvutia naiondoa. Mwalimu amesema haina ushahidi.

Adhabu yangu ilikuwa kuandika kisa hiki chote bila kujificha. Hii ni mara ya nne. Zile tatu zilirudishwa. Mara ya tatu mwalimu aliandika kwa kijani: "Bado hujasema kwa nini."

Basi nasema. Haukuwa utani. Mwaka jana nami nilianzisha hadithi. Daftari langu lilipita vitanda vitatu, likarudi na kistari kimoja, nikalichana siku hiyo hiyo. Nilipoona vistari vya Kesho vinajaza ukurasa, nilitaka naye achane daftari lake.

Hakulichana. Nimemwomba msamaha, akaniuliza hadithi yangu ilihusu nini. Nilimwambia sikumbuki. Huo nao ulikuwa uongo. Naikumbuka yote, na jana, saa ya mapumziko, nimeandika ukurasa wa kwanza.