Shuka Nyeupe Chini ya Mnara

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata leso moja haijaanikwa, Kipovu alipangusa kamba. Alichukua kitambaa kibichi, akakibana kwenye kamba kwa vidole viwili, akatembea nacho kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho. Kisha alikikunjua na kukitazama. Kilikuwa cheusi kwa masizi. Hakuna siku kilipotoka safi.

Kipovu ni jina alilopewa na wateja, kwa kuwa alijifunza kutembea akiwa ameshikilia karai la kufulia. Mama yake alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Mama Kipovu. Wao wawili walifua, wakaanika, wakapiga pasi. Kazi yao kubwa ilikuwa shuka za zahanati. Zahanati isingewapa shuka, jiko lao lisingewaka.

Masizi yale hayakushuka kutoka mbinguni. Nyuma ya ukuta wa ua wao ulisimama mnara wa simu, na chini ya mnara kulikuwa na jenereta ya dizeli iliyonguruma usiku na mchana. Kampuni ilipokuja kuusimamisha, wakubwa wake waliwaambia watu wa mtaa, ana kwa ana, kwamba jenereta ni ya muda tu, mpaka wafunge umeme wa jua. Wakubwa wamesahau. Mtaa haujasahau. Siku ile Kipovu alikuwa akibebwa mgongoni. Sasa yuko darasa la sita, na moshi bado unatoka.

Kilichobadilika ni ukuta peke yake. Ulipakwa rangi ya kijani, ukachorwa jani kubwa kuliko mlango, na chini yake yakaandikwa maneno haya: MTANDAO WA KIJANI. TUNAPUMUA PAMOJA.

"Tunapumua pamoja, kweli," Mama Kipovu alizoea kusema. "Wao wanatoa, sisi tunavuta."

Hata hivyo, laini yake ya simu ilikuwa ya kampuni hiyohiyo. Namba yake ilikuwa imechorwa kwenye geti kwa rangi nyekundu, na wateja wote waliijua.

Jumamosi moja mama alikwenda kupeleka nguo za wateja, akamwachia Kipovu shuka za zahanati kambani.

"Upepo ukigeuka, anua haraka," alimwambia. "Ukiona doa, rudia kufua. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Upepo uligeuka wakati Kipovu yuko getini anapiga soga na rafiki yake. Aliporudi uani, shuka zilikuwa zimenyunyiziwa vidoa vyeusi kama pilipili manga. Kurudia kufua kulimaanisha kuteka maji upya, na mikono yake ilikuwa imechoka. Akakumbuka buluu, ule unga ambao dobi hutia kidogo sana kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe ing'ae. Kidogo kinang'arisha, akawaza, kingi kitafunika.

Akamimina kopo zima kwenye maji ya kusuuzia yaliyobaki, akazichovya shuka, akazianika tena.

Shuka zilipokauka zilikuwa na mabaka ya buluu, na ndani ya mabaka vidoa viliendelea kuchungulia. Kipovu alizikunja mabaka yakawa ndani, akazipanga vizuri kwenye kapu. Mama aliporudi amechoka, alilibeba kapu vilevile mpaka zahanati.

Jumatatu jioni muuguzi mkuu alikuja mwenyewe, kapu mkononi. Hakukaa.

"Mama Kipovu, mgonjwa wangu ameniuliza kama amelazwa kitandani au juu ya ramani ya dunia." Akaikunjua shuka moja. "Wewe ni mtu wangu, lakini mimi nina wakubwa. Shuka za safari ijayo zikija hivi, kazi inakwenda kwa dobi mwingine."

Alipoondoka, mama alimtazama mwanawe. Hakupaza sauti. "Nani amefanya hivi?"

"Moshi, mama."

"Moshi haujui kufungua kopo la buluu."

Kipovu akainamisha kichwa, akaeleza yote: soga, vidoa, uvivu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamkabidhi karai. "Fua. Zote. Mimi nitateka maji."

Walikuwa bado wanasugua, mikono imekunjamana kwa sabuni, wakati hodi ilipobishwa getini. Akaingia wakala wa kampuni ya simu, kijana mwenye fulana ya kijani na beji ya jani kifuani. Mtaani alijulikana kama Bwana Jani.

"Mama Kipovu, habari za kazi! Leo nimekuletea neema. Kifurushi cha biashara! Simu mpya bure, ile ya zamani unaitupa. Wewe utaturuhusu tu tuchore jani letu kwenye geti lako. Dobi wa kijani!"

"Ninaitupa wapi?" mama aliuliza.

"Popote, dada yangu. Mtaroni huko. Ni simu tu."

Kipovu aliinuka. Alichukua leso nyeupe iliyokuwa imefuliwa, akaipeleka mpaka alipokuwa wakala.

"Shikamoo. Naomba unishikie hii pale chini ya ukuta wenu, tukimaliza kusuuza nitaichukua."

Bwana Jani akacheka, akaishika. Walipomaliza kusuuza, hakucheka tena. Leso ilikuwa na vidoa. Na fulana yake pia.

"Mtoto huyu ana adabu kweli?" aliuliza huku akijipangusa begani.

"Amekusalimia, sivyo?" mama akamjibu. "Ninyi hamkutusalimia mlipowasha hilo dude. Nilikwenda ofisini kwenu nikaambiwa nisubiri. Nimesubiri. Sasa basi! Jani halipandi kwenye geti langu, ng'o! Na laini yenu naitoa."

"Itoe!" Bwana Jani alisema kwa kejeli. "Hiyo namba ni ya kampuni, huondoki nayo. Wateja watakupata wapi? Utapiga filimbi?"

Akaondoka. Mama akalitazama geti na namba yake nyekundu, na kwa mara ya kwanza jioni ile Kipovu aliona hofu usoni mwake. Bila zahanati hawali. Bila namba, hawana wateja.

Kesho yake walikwenda kwa fundi simu, mama mmoja mwenye kibanda kando ya barabara. Alikuwa akiuza laini za kampuni nyingine, ndogo. "Hawa wanatumia umeme wa jua," alisema, "na betri mbovu ninazokusanya wanazichukua, hazitupwi."

"Nimechoka kuambiwa," Mama Kipovu alisema. "Mnara wao uko wapi?"

Ulikuwa mlimani, nje ya mji. Walipanda kwa miguu, na Kipovu alibeba leso mbichi ndani ya mfuko. Waliianika kwenye uzio, wakaketi kuzungumza na mlinzi mpaka ikakauka. Hakukuwa na ngurumo. Kulikuwa na paneli zinazong'aa juani na mbuzi waliolala kivulini mwake. Kipovu alianua leso, akaigeuza huku na huku.

"Mama! Nyeupe!"

"Basi tunahama," mama akasema.

Simu ya zamani hawakuitupa mtaroni. Fundi aliibadilisha betri tu. Ila namba ilikuwa mpya, na hata baada ya kuichora getini, wateja waliozoea kupiga ile ya zamani hawakuijua. Siku za mwanzo simu ilikaa kimya mezani kama jiwe. Mama aliitazama, akatazama ile laini ya zamani aliyoiweka kabatini.

"Mama, usiirudishe," Kipovu alisema.

"Sijairudisha. Naiangalia tu."

Kipovu alikuwa akishona alama. Kila mzigo wa nguo unaotoka kwa dobi una kipande cha kitambaa chenye alama ya mwenye nguo, kilichoandikwa kwa wino usiofutika. Akasimamisha sindano. Nguo zote za mtaa zilipitia mikononi mwao! Akachukua wino, akaandika chini ya alama ya kwanza: Namba yetu mpya, na namba yenyewe. Akaongeza: Tumehama kwa sababu ya moshi.

Mama alisoma, akacheka mpaka akakaa chini. "Andika kwenye zote."

Nguo zilisambaa nyumba kwa nyumba, na maneno yale yakasambaa nazo. Simu ikaanza kulia. Kinyozi alipiga kuuliza suruali yake, akauliza pia laini inauzwa wapi. Akahama. Fundi cherehani akahama. Muuguzi mkuu, aliyepokea shuka nyeupe zilizofuliwa na kuanikwa ndani ya chumba chao kwa taabu, alisoma alama, na simu ya zahanati nayo ikahama.

Haukupita muda mrefu, lori likaja nyuma ya ukuta. Mafundi walifunga paneli za jua juu ya paa la banda la jenereta, wakapakia jenereta wakaondoka nayo. Bwana Jani alibisha hodi, safari hii kwa upole.

"Mama Kipovu, tumetengeneza. Rudini basi."

"Asante kwa kutimiza ahadi ya zamani," mama alijibu. "Tulipowabembeleza mlikuwa viziwi, tulipohama mkapata masikio. Tutakaa hukuhuku tuwaangalie."

Jumamosi Kipovu alipangusa kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akakikunjua kitambaa. Kilikuwa na vumbi tu. Mama alikuja akasimama nyuma yake.

"Wale walipaka kijani juu ya masizi," alisema, "na wewe ukapaka buluu juu ya masizi. Kosa ni moja, mwanangu. Uchafu haupakwi rangi, unafuliwa. Anza na wako. Ukishamaliza wako, ukimwona mwingine anapaka, hata awe mkubwa kama mnara, mwambie afue. Na usimpe hata senti yako mpaka afue."

Kisha akamtupia ncha ya shuka ya kwanza, wakainyoosha pamoja, wakaianika uani.