Mtihani wa Mjomba

JUMAPILI, CHUMBA CHA NYUMA

Mpango uliwekwa nyuma ya duka la kutengeneza majokofu, mlango umefungwa, feni inalia. Mjomba alichora kisiwa kwa chaki juu ya meza. Hapa hoteli. Hapa uwanja wa ndege, kipande cha nyasi tu. Hapa ofisi yenye sefu, ambamo sonara mmoja tajiri huacha mawe yake ya thamani kila anapokuja kupiga mbizi.

"Tunakwenda kama wageni," alisema. "Tunajifunza kuzamia. Kufuli anafungua sefu, mzigo unalala chini ya maji. Polisi wapekue mpaka wachoke. Halafu tunazama, tunauchukua, kesho yake Rubani anatubeba."

Rubani aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa maneno.

Kufuli alikuwa mpwa wa Mjomba, mtoto wa marehemu dada yake. Ametoka jela juzijuzi, na tangu atoke hajalala hata siku moja na mlango umefungwa. Hakuna alichokiogopa duniani kama kurudi kule. Lakini aliyekuwa akiomba ni Mjomba, aliyemlea kwa kujinyima usingizi. Angemkataliaje?

"Hii ya mwisho, Mjomba."

"Ya mwisho kabisa."

JUMANNE, DARASANI

Mwalimu wa kuzamia alikuwa mwanamke wa sauti ya upole na macho yasiyosamehe. Hakuna kugusa kina kirefu kabla ya mtihani. Mjomba alisinzia kipindi cha kwanza, cha pili hakuja kabisa.

"Ukizama sana, hewa inajificha kwenye damu," Mwalimu alisema. "Fikirieni chupa ya soda. Ukiifungua taratibu, salama. Ukiifungua kwa pupa, inafoka. Ndege ni kuifungua kwa pupa. Ukitoka kina kirefu, lala kwanza. Uruke kesho."

Kufuli alisikia, akaridhika. Mpango ulikuwa hivyohivyo, kuzama leo, kuruka kesho.

"Nifanyie na wangu," Mjomba alimnong'oneza jioni. Kufuli alibeba karatasi mbili za mtihani chumbani, akajaza yake, kisha ya Mjomba kwa mkono wa kushoto. Ya Mjomba ikapata alama nyingi zaidi. Walicheka mpaka mbavu zikauma.

ALHAMISI, WAKATI WA CHAI

Sefu ilifunguka wageni wakiwa mezani. Kabla vikombe havijaondolewa, mfuko wa mawe ulikuwa umeshatupwa kwenye maji mbele ya miamba. Polisi walikuja, wakapekua hadi soksi, wakaondoka mikono mitupu. Waliacha amri moja: hakuna mgeni kuondoka.

JUMAMOSI, ASUBUHI

Mpishi ndiye aliyeleta habari, huku anamwaga uji. Polisi wanarudi adhuhuri. Safari hii na wazamiaji wao.

Mjomba aliweka kijiko chini. "Tunazama sasa hivi. Rubani yuko njiani."

Mwalimu alikuwa ameshawapeleka wageni upande wa pili. Walijichukulia mitungi wenyewe. Mjomba hakumwamini mtu na mzigo, hata mpwa wake, kwa hiyo walishuka wote. Mfuko ulikuwa umeteleza chini zaidi ya pale walipoutupa. Wakashuka, wakaukosa, wakapanda kubadili mitungi, wakashuka tena mpaka mwanga ukawa wa kijivu. Mjomba alipoukamata alipanda mbio. Kufuli alimshika pezi la mguu kumzuia. Akapigwa teke la uso.

Ndani ya stoo ya vifaa, maji bado yanawachuruzika, Kufuli alisema, "Leo haturuki. Tutakufa."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu. Ulikuwa umelala."

Mjomba alicheka kidogo. Kisha bastola ikatoka kwenye taulo. "Unataka nikae nikamatwe, wewe uondoke na mzigo. Ujanja huo nilikufundisha mimi."

"Mjomba, naapa kwa kaburi la mama."

Mjomba alijaribu kufyatua. Hakuweza. Alirudi kinyumenyume na mfuko wake, akaubamiza mlango, kufuli likalia kwa nje.

Kufuli alisimama gizani, jasho likimtoka kama yuko seli. Alitaka kupiga yowe. Badala yake alichomoa kisu cha kuzamia na kuanza kufungua skrubu za bawaba. Ndege ilinguruma, ikapita juu ya paa. Akaendelea na skrubu. Machozi yalimshuka, naye hakujua ni ya hasira au ya nini.

Mlango ulipoanguka, mbele yake palikuwa na gati la jikoni. Boti ya mboga imefungwa, ufunguo unaning'inia, mwenyewe hayupo. Bahari ilikuwa wazi. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani.

Ndipo akasikia ile ndege inarudi.

Alijua kwa nini: soda ilikuwa imefoka. Alijua pia kwamba kisiwa kizima, Mwalimu akiwa hayupo, hakuna mwingine anayejua la kufanya. Na kule stooni alikotoka, kwenye sanduku la kijani, kulikuwa na mtungi wa oksijeni, ule Mwalimu aliosema ndio huduma ya kwanza.

Alimtukana Mjomba kwa sauti, matusi yote aliyojifunza jela. Kisha akautoa mguu botini.

Alifika na mtungi uwanja wa ndege, akamkuta Mjomba amelazwa kwenye nyasi, magoti yamekunjwa, anaguna. Rubani alikuwa ameshakimbilia kichakani na mfuko. Kufuli alipiga magoti, akambana barakoa usoni, akafungua hewa.

"Miguu," Mjomba alisema. "Siisikii."

"Vuta. Usiongee."

"Hili nalo... lilikuwa kwenye mtihani?"

"Swali la mwisho. Nilikujibia, ukapata."

Mjomba alifumba macho. Machozi yakaingia masikioni. "Kimbia, mwanangu."

Boti ya polisi ilikuwa imeshagusa mchanga. Viatu vilikuja mbio juu ya nyasi, sauti ikaamuru mikono juu. Kufuli hakuinua. Barakoa ingeteleza.

"Mmoja wenu aje ashike hii," alisema bila kugeuka. "Aibane hivi, asiachie."

Askari alisita, akachuchumaa, akashika. Kufuli alimtazama mpaka alipohakikisha ameibana vizuri. Kisha akatoa mikono yake miwili mbele, wakaifunga.