Mharage Namba Kumi na Saba

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya saa tisa ikishalia, Chiriku alikuwa haendi nyumbani. Alivaa mkoba wake mgongoni, akavuka barabara mbili, akampungia mkono askari wa getini na kuingia chuo kikuu utadhani naye ni mwanafunzi wa pale. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya ule mdomo. Mtoto huyo akianza kuzungumza, hata redio ilibidi isubiri zamu yake.

Mama yake alikuwa mwalimu wa sekondari aliyeamua, akiwa mtu mzima mwenye mtoto, kurudi kusoma shahada ya uzamivu, ile inayompa mtu jina la daktari bila kushika sindano. Alikuwa akichunguza miharage, apate kujua ni aina ipi inayovumilia maji kidogo. Asubuhi alisoma na kuandika. Alasiri aliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi za maabara, maana malipo ya kufundisha ndiyo yaliyoendesha nyumba.

Tatizo lilikuwa ufadhili. Wafadhili walitoa fedha za miaka mitatu, na miaka hiyo ilikuwa imekwisha huku kazi bado ikiendelea. Msaidizi aliyekuwa akipima mimea alishaachishwa kazi. Sasa wafadhili walitaka taarifa ya maendeleo ndipo waamue kama wataongeza mwaka mmoja au la. Wakikataa, jasho lote la mama lingeishia kabatini.

"Mama, mimi nitapima," Chiriku alijitolea. "Rula naijua, kuandika najua. Kuna nini kingine?"

"Kuna uvumilivu," mama alisema, akicheka. Lakini hakuwa na mtu mwingine.

Nyuma ya maabara kulikuwa na kibanda cha plastiki nyeupe, na ndani yake vyungu arobaini vyenye namba. Unasimamisha rula kwenye udongo, unasoma kimo cha mharage mpaka kwenye ncha, unaandika kwenye daftari la bluu lililokaa juu ya meza ya mlangoni, unakwenda kwenye chungu kinachofuata. Kazi ilichukua karibu saa nzima, tena kwenye joto la kufa mtu. Chiriku aliifanya barabara. Shuleni ndiko alikotia chumvi. "Mimi na mama tunafanya utafiti," aliwaambia wenzake, nao wakabaki kumkodolea macho.

Basi, Alhamisi moja timu ya darasa lao ilikuwa na mazoezi ya mpira wa pete, kwa kuwa mechi ilikuwa kesho yake. Chiriku alikwisha kuvaa mkoba wakati mwenzake wa dawati alipomshika mkono.

"Dakika kumi tu! Kwani miharage ina miguu, itakukimbia?"

Mnazijua dakika kumi za mpira. Chiriku alipofika kibandani akihema, saa ilikuwa kumi na moja kasoro robo. Mama angetoka darasani baada ya robo saa, na vyungu vyote arobaini vilikuwa vikisubiri.

Alikaa kwenye meza ya mlangoni akafungua daftari. Aliangalia namba za Jumanne. Kwa kawaida kila mharage ulikuwa ukiongezeka kama nusu sentimita. Akaandika namba ya kwanza, akaongeza nusu. Ya pili, nusu. Ya tatu akaibania kidogo ili isionekane amenakili. Dakika nane hazikuisha, safu nzima ilikuwa imejaa, naye hakuwa ameinua macho kutazama chungu hata kimoja.

"Umeshamaliza?" mama alimuuliza alipotoka. "Safi sana. Sijui ningefanya nini bila wewe, mwanangu."

Chiriku alitabasamu, lakini sifa ile ilimchoma. Njiani hakusema neno. Mama alimgusa paji la uso. "Leo vipi? Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

Alijipa moyo kwamba ni siku moja tu, na miharage haina mdomo wa kusema. Siku zilizofuata mama aliinamia kompyuta asubuhi na jioni, akichora majedwali ya taarifa yake. Chiriku alimletea chai, akaosha vyombo bila kuambiwa, akafagia hata pale palipokwisha kufagiliwa. Kila alipoliona daftari la bluu mezani, aligeuza uso. Jumanne asubuhi mama alibonyeza kitufe, akanyoosha mikono juu. "Taarifa imekwenda! Tuombe heri."

Alasiri hiyo Chiriku alikuta kibanda kimefungwa. Funguo zote za maabara alikuwa nazo mama mmoja mtu mzima aliyetunza vifaa na kumwagilia mimea, na kwa ajili hiyo watu walimwita Mama Funguo. Alikuwa ameitwa stoo. Chiriku akaingia darasani kumsubiri, akakaa nyuma kwenye kigoda.

Akamkuta mama yake amewaka. Mbele yake walisimama wanafunzi wawili, mmoja kijana mwenye miwani.

"Hebu nielezeni," mama alisema, "hivi vipimo saba vya joto mlivisoma wapi? Kipimajoto cha meza yenu kilipasuka kabla hamjaanza. Vipande vyake vile pale kwenye kopo."

Darasa likaangua kicheko.

"Tulikadiria, Mwalimu," kijana alijibu kwa sauti ndogo.

"Mlikadiria! Mmepika namba, mnaniletea nile!" Mama alizungusha macho darasani, yakamwangukia Chiriku. Sauti yake ikalainika. "Mnamwona yule? Ana miaka kumi na miwili. Ananipimia mimea arobaini, mmoja mmoja, kwenye joto lile, na hajawahi kuandika kitu ambacho hakukiona. Nyinyi mna ndevu! Hamwoni haya?"

Vichwa vyote viligeuka. Msichana mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Chiriku alihisi masikio yanaungua. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kigoda chake. Alikaza macho kwenye viatu na kuomba makofi yaishe.

Yalipoisha, Mama Funguo alikuwa amesimama mlangoni.

"Samahani, Mwalimu. Kibanda nimeshakifungua. Ila ule mharage namba kumi na saba, nadhani umeona niliutoa? Panzi waliukata shinani. Jumatano iliyopita asubuhi nilikuta umelala chini, nikaung'oa. Bua lake nimekuwekea kwenye bahasha."

Mama alikunja uso. Alivuta daftari, akafunua. "Jumatano? Haiwezekani. Alhamisi ulipimwa. Sentimita kumi na tisa na nusu."

"Niliung'oa Jumatano, Mwalimu. Chungu chenyewe kiko kitupu mpaka leo."

"Basi umechanganya siku, dada. Mtoto kapima, na namba hii hapa."

Mama Funguo alikuwa amefanya kazi katika maabara ile kabla wanafunzi wale hawajazaliwa. Alitazama darasa lililokuwa likimtazama, uso ukamshuka. "Labda," alisema polepole. "Labda ni umri, Mwalimu. Siku hizi nasahau."

Neno hilo ndilo lililomshinda Chiriku. Kwamba angegombezwa, alijua. Lakini mtu mzima asiye na kosa anajitukana mwenyewe mbele za watu ili uongo wa Chiriku upite! Alisimama.

"Mama, Mama Funguo hajasahau. Mimi sikupima. Alhamisi nilicheza mpira nikachelewa, nikaandika tu. Namba zote arobaini."

Hakuna aliyecheka. Hata kijana mwenye miwani aliinamisha kichwa, kana kwamba kosa ni lake kwa mara ya pili. Mama hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alifunga daftari taratibu.

"Darasa limekwisha," alisema. Kisha akamgeukia Mama Funguo. "Nisamehe, dada yangu. Nimekukosea."

Alimshika Chiriku mkono, wakapanda ngazi mpaka ofisi ya profesa aliyekuwa akimsimamia mama. Alikuwa mwanamke mfupi, amezungukwa na mafungu ya karatasi hivi kwamba ulianza kusikia sauti yake kabla ya kumwona. Chiriku alimwamkia.

"Profesa," mama alisema akiwa bado amesimama, "taarifa niliyotuma asubuhi ina safu moja ya uongo. Aliyeiandika ni mtoto, lakini kosa ni langu. Nilimpa kazi ya mtu mzima, kisha kwa wiki nzima sikwenda kutazama vyungu vyangu mwenyewe."

Chiriku hakuwahi kumwona mama yake amesimama hivyo, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyepelekwa kwa mwalimu mkuu. Aibu ya makofi ilikuwa kubwa, lakini hii iliipita. Machozi yakaanza kumtiririka.

Profesa alivua miwani. "Wakisoma kwamba tumekosea, wanaweza kutunyima nyongeza. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Na tukinyamaza? Safu moja tu. Nani atagundua?"

Mama alitazama dirishani, na Chiriku akaelewa kwamba hata watu wazima hujaribiwa. Hatimaye mama alisema, "Nitakuwa najua mimi, Profesa. Kila nitakaposimama mbele ya wale wanafunzi."

"Nilitaka kusikia hivyo," Profesa alisema. "Kaa hapa, andika barua ya masahihisho sasa hivi. Nitatia saini chini ya jina lako." Akamwita Chiriku kwa kidole, akamfungulia daftari na kumpa kalamu. "Usifute, wala usipake wino mpaka isisomeke tena. Piga mstari mmoja kwenye safu yote, kosa libaki linaonekana. Kando yake andika: Haikupimwa. Weka tarehe na jina lako."

Chiriku aliandika. Neno moja tu, lakini herufi zilipanda na kushuka.

Kabla ya kurudi nyumbani alikwenda kwa Mama Funguo, akasimama mbele yake. "Nisamehe, Mama Funguo," alisema.

"Wee mtoto! Ulikuwa unanipeleka kwa daktari wa kichwa nikiwa mzima!" Mama Funguo akampa fagio. "Nimekusamehe. Kibanda kina vumbi."

Alhamisi mama alisimama mbele ya wanafunzi wake. "Juzi nilimsifu mtoto wangu na nikamkatalia Mama Funguo, yote mbele yenu. Nilikosea yote mawili." Wanafunzi wale wawili aliwapa kipimajoto kizima warudie zoezi lao. Kijana mwenye miwani alipomaliza aliomba awe anasaidia kupima miharage. Akawa anasoma rula, Chiriku anaandika. "Mimi na wewe tumetoka jela moja," alimnong'oneza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile Chiriku akacheka.

Majibu ya wafadhili yalichukua wiki mbili. Jioni moja mama aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Wamekubali," alisema. "Lakini si mwaka. Ni miezi sita. Na kila kipimo sasa kifanywe na watu wawili."

"Miezi sita itatosha?"

"Itabidi itoshe. Nitapunguza kulala."

Chiriku aliangua kilio. "Mimi ndiye niliyekupotezea ile mingine, mama."

"Labda ni wewe," mama alisema, akimvuta karibu. "Sitakudanganya ili unyamaze. Lakini sikiliza, mwanangu. Kuchelewa siku ile hakukuwa kosa kubwa. Ungeacha safu tupu, ningejua hatukupima, nami ningekwenda mwenyewe kutazama vyungu. Namba zako za kubuni ndizo zilizonifumba macho. Zilinifanya nimsifu asiyestahili na nimkatalie mtu mkweli. Ukishindwa kazi, njoo useme nimeshindwa. Usijaze uongo pale pasipo na kitu."

Chiriku alijifuta kamasi kwa mkono. "Na nikija kusema, utanigombeza?"

"Nitakugombeza mpaka majirani wachungulie," mama alisema. "Lakini kesho yake nitakuamini."