Makaa Yenye Njaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jenista alifagia uwanja wa nyumba yao pale Itaka. Alifagia mpaka uvunguni mwa ghala, kwa sababu alipenda sana kusifiwa. Lakini mwaka ule, katikati ya uwanja huo safi, kulikuwa na lundo kubwa la magunzi ya mahindi, na lundo hilo lilimkosesha mama yake raha. Majirani wote walikwisha kuchoma ya kwao. Kijijini pale, nyumba isiyofuka moshi baada ya kupukuchua mahindi huhesabiwa kuwa nyumba ya wavivu.

"Jenista, lundo hili utaliondoa lini?" mama aliuliza. "Watu wanapita wanatuangalia."

"Nivumilie, mama. Moshi ule ndio unaomkohoza Aliko kila mwaka. Mimi nitayafanya makaa ya shambani."

Mama alimtazama Aliko, kitinda mimba wake mwenye kifua kibovu, akaliacha lundo.

Habari za makaa hayo Jenista alizipata shuleni kwa Mwalimu Ombeni, mlezi wa klabu ya mazingira. Mwalimu alisema kwamba makaa yakipondwa na kuchanganywa na udongo uliochoka, hushika maji na mbolea, mvua isivichukue. Jenista alipoyasikia hayo alikumbuka shamba lao la mteremkoni, ambako marehemu bibi yake alimfundisha kushika jembe. Siku hizi shamba hilo lilitoa mahindi yenye punje za kubahatisha. Baba yake, Mzee Lusubilo, alikwisha kukata shauri: msimu ukiharibika tena, atapanda milingoti, auze miti badala ya mahindi. Jenista alimsihi mpaka akapewa upande wa chini ajaribu.

Jumamosi moja alichimba shimo pana juu, jembamba chini, mfano wa faneli. Aliwasha moto ndani yake akawa anaongeza magunzi kidogo kidogo, ili miali iule moshi kabla haujapaa. Majivu yalipoanza kuonekana juu, aliongeza magunzi mengine. Mwishoni alimwaga maji, shimo likapiga kelele, na makaa meusi yakabaki, akayaponda. Aliko alisimama karibu muda wote huo na hakukohoa. Jenista alitembea siku nzima kifua mbele!

Ilibaki kazi moja. Mwalimu alikuwa amesisitiza kwamba makaa yalowekwe kwanza kwa wiki mbili katika samadi na mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji. Ng'ombe walikuwa kwa Mzee Boazi, ng'ambo ya barabara, na njia ilipita mbele ya duka ambapo vijana hukaa. Jenista alipotokea na ndoo yake ya kwanza, Rabson, mwenzake wa darasa la sita, aliziba pua.

"Oya, Jenista! Siku hizi unauza manukato?"

Duka zima lilicheka. Jenista alihisi uso unawaka. Alimwaga ndoo ile mtaroni, na jioni hiyo akayatawanya makaa shambani yakiwa makavu. "Makaa ni makaa tu," alijiambia.

Mvua zilinyesha, mahindi yakaota. Upande wa baba yalikuwa ya kijani hafifu kama kawaida. Upande wa Jenista yaligeuka manjano, yakadumaa. Baba alisimama pale akatikisa kichwa.

"Basi. Nitaagiza miche ya milingoti. Na kesho kwenye kikao cha wazazi nitamwambia Mwalimu Ombeni aache kuwadanganya watoto wetu."

Jenista alijua kosa ni lake. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini mwalimu angeaibishwa mbele ya wazazi wote kwa kosa lisilo lake, na shamba la bibi lingekwenda pia.

"Baba, mwalimu hakutudanganya," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Alituambia tuyaloweke kwenye samadi. Mimi sikuyaloweka. Niliona aibu kubeba mkojo wa ng'ombe mbele ya Rabson."

Baba alimsogelea. Hakugomba. "Jifute uso," alisema. "Twende kwa mwalimu."

Mwalimu Ombeni aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Makaa makavu yana njaa," alisema. "Usipoyalisha wewe, yanakula chakula cha mahindi yako. Lakini hatujachelewa. Yalisheni sasa."

Kesho yake Jenista alijitwika ndoo, akapita mbele ya duka bila kuharakisha.

"Manukato yamerudi!" Rabson alipiga kelele.

"Yanuse vizuri," Jenista alimjibu. "Halafu uje wakati wa mahindi ya kuchoma."

Vijana walicheka tena, ila safari hii walimcheka Rabson. Kisha wote waligeuza macho barabarani. Nyuma ya Jenista alikuwa anakuja Mzee Lusubilo, mzee wa kanisa, anayeheshimika Itaka nzima, naye akiwa na ndoo kichwani. Rabson aliinuka haraka.

"Shikamoo, mzee. Nikupokee?"

"Marahaba. Chukua ya binti, mimi yangu naiweza."

Walimimina mchanganyiko ule pembeni mwa kila shina. Majani yalianza kurudi kijani taratibu, kisha mahindi yakapanda kwa kasi hadi yakaupita upande wa baba. Wakati wa mavuno, magunia ya upande wa chini yalikuwa mengi kuliko yale ya juu. Baba alikaa juu ya gunia moja, akamwita Jenista.

"Kubeba samadi si aibu, mwanangu. Aibu ingekuwa kumwacha mwalimu abebe lawama zako. Siku ile uliposema kweli, mahindi yalikuwa bado ya manjano, lakini mimi nilikwisha kujivunia wewe. Milingoti haitapandwa hapa. Msimu ujao shamba zima ni la makaa, na yatalowekwa!"

Mahindi yalipokwisha kupukuchuliwa, lundo la magunzi lilikaa tena uwanjani likisubiri shimo. Watu walipita wakaliangalia, na mama, akiwa amesimama mlangoni na Aliko wake asiyekohoa, akawakaribisha waingie waone.